Saa za simu za kodi zimfuate mlipakodi

Laini za simu za huduma ya kodi nchini Marekani zinapaswa kufuata saa za mahali alipo mlipakodi, na wakazi wa Hawaii na Alaska wasiachwe nje ya kanuni hiyo.

Kwingi nchini humo wahudumu hupokea simu kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku, kwa saa za eneo la mpigaji. Majimbo hayo mawili hufuata saa za Pwani ya Pasifiki. Hawaii haisogezi saa zake mbele majira yanapobadilika mwezi Machi, hivyo tofauti hufikia saa 3. Kwa mkazi wa Honolulu, laini hufunguliwa saa 10 alfajiri na kufungwa saa 10 alasiri, wengi wakiwa bado kazini. Hali huwa hivyo hadi Aprili 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, simu inapohitajika kuliko wakati wowote. Huo si usawa, kwani adhabu ya kuchelewa haimpunguzii mtu kwa sababu ya visiwa anavyoishi.

Kusema mtandao unatosha ni kuwasahau wazee na yeyote aliyepokea barua ya madai asiyoielewa. Hao wanahitaji kuzungumza na mtu.

Wahusika wapange zamu za jioni kwa majimbo hayo, na wazitangaze kabla ya msimu ujao wa ritani.