PISINI YA UANI SI HARAMU, UZEMBE NDIO HATARI!



Ndugu zetu wapenzi, wazazi wa Bujumbura, Uvira na Bukavu, na ninyi mlio mbali huko Marekani, Canada na Ulaya. Kila mwaka joto la kule linapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, simu zetu hapa Buyenzi hujaa picha. Watoto wa ndugu zetu wako nyuma ya nyumba ndani ya pisini ya duara, ile isiyochimbiwa shimo, wanarushiana maji na kucheka, baba yao amelowa mpaka ndevu. Picha ikiingia tu kwenye kundi la familia, hazipiti saa mbili kabla mzee mmoja hajatuma sauti ya dakika saba ya kukemea. Ati huo ni uzungu. Ati ni israfu. Ati watoto wa Kiislamu kazi yao ni msahafu na shule, si kucheza majini. Na ikiwa kwenye picha yupo binti, basi Subhanallah, dakika saba zinakuwa kumi na tano.

Baba zetu tunawaheshimu, na hatuna nia ya kuwavunjia adabu. Lakini katika jambo hili tunasema wazi: mnakemea kitu ambacho hakina kosa, na kosa lenyewe mnalipita bila kuliona.

Tuanze na kitu chenyewe, kwa sababu wengi wanaokikemea hawajakigusa. Ni turubai nene la plastiki ndani ya fremu ya mabomba ya chuma, au lenye mdomo wa hewa unaopanda wenyewe kadiri maji yanavyopanda. Linauzwa ndani ya boksi, na baba na vijana wake wanalisimamisha kwa siku moja. Ile ndogo ya futi 10 kwa upana na inchi 30 kwenda juu inabeba takriban lita 4,000 za maji. Zile kubwa zenye ukuta wa inchi 48 au 52 zinamfikia mtu mzima kifuani. Pembeni kuna pampu ndogo na chujio. Ndio hiyo tu, si hoteli na wala si jumba la mfalme.

Haya, israfu. Wanaotuletea hoja hii hutukumbusha mafundisho ya kutopoteza maji hata kama mtu anatawadha kwenye mto unaotiririka, na mafundisho hayo ni ya kweli, tunayapokea kwa mikono miwili. Ila pisini yenye chujio haimwagwi kila jioni kama beseni la kufulia. Hujazwa mara moja, ikatiwa dawa, ikafunikwa usiku, na maji yaleyale yakatumika wiki nyingi. Mji ukikataza kujaza wakati wa ukame, Muislamu anatii, basi. Na hapa kwetu, ambako mama anapanga foleni na bidoni bomba likikauka, hatumwambii mtu yeyote anunue pisini. Kujaza lita 4,000 za kuchezea wakati jirani hana ya kupikia, hiyo ndiyo israfu hasa. Lakini huwezi kuchukua hukumu ya kata yenye kiu ukamhukumu nayo mtu wa Ohio. (Tena ajabu ni kwamba hatujawahi kusikia sauti ya dakika saba kuhusu ukumbi wa harusi na magari ya kukodi.)

Ama kwamba kucheza na watoto majini ni upuuzi, hapo ndipo tunaposhangaa zaidi. Mtume (S.A.W.) alirefusha sijda kwa sababu mjukuu alimpanda mgongoni. Alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.). Imo hadithi iliyopokewa na Nasai na Tabarani inayohesabu kujifunza kuogelea pamoja na mtu kucheza na mkewe na kumfunza farasi wake, katika mambo ambayo hayaingii kwenye mchezo wa bure. Na Sayyidna Umar (R.A.) inanasibishwa kwake kauli ya kuwataka watu wawafundishe watoto wao kuogelea. Sasa leo baba anayefanya kazi zamu mbili ghalani, analala mchana na kuamka usiku, anapata saa moja ya Jumamosi kuwa majini na wanawe, na sisi tunamwambia anapoteza wakati? Wakati wake anaupoteza kwenye kochi, mtoto huku na kioo chake, baba kule na kioo chake, hawajasemeshana tangu Ijumaa. Majini hakuna simu. Mtoto anamshika baba shingoni kwa sababu anamhitaji. Mzazi anayejua ugeni wa watoto waliozaliwa huko, ambao Kiswahili chenyewe wanakisikia tu wakigombezwa, atajua thamani ya saa hiyo.

Na mabinti. Hapa tunawaomba msome taratibu. Hatusemi binti avue sitara yake. Tunasema pisini ya uani ndiyo inayomhifadhi! Ndugu zetu walioko Ufaransa wanajua. Vazi la kuogelea lenye kusitiri lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, mwanamke mwenye asili ya Lebanon huko Australia, ili mabinti wetu wapate kuogelea kwa heshima. Mwaka 2016 miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa ikalipiga marufuku ufukweni, mpaka mahakama kuu ya utawala ikasimamisha katazo la mji mmoja mwezi Agosti mwaka huohuo. Mwaka 2022 mji wa Grenoble ulipojaribu kuliruhusu kwenye mabwawa yake ya umma, mahakama hiyohiyo ikazuia. Kwa hiyo dada yetu ametolewa kwenye bwawa la mji kwa sababu amejisitiri mno, na akiweka pisini nyuma ya nyumba yake, ukuta pande zote, anaogelea na wanawe na dada zake, sisi wa nyumbani tunamkemea kwa sababu ameogelea. Aende wapi?

Angalizo moja tu la mavazi: dera na kanga zikilowa huwa nzito na kumzunguka mtu miguuni. Avae suruali na fulana ya kubana ya kuogelea chini ya sitara yake, au vazi lililoshonwa kwa maji.

Basi hao ni wakemeaji. Sasa tuwageukie ninyi wenye pisini, na hapa hatutakuwa wapole.

Kuzama ndiko kunakoua watoto wa mwaka 1 hadi 4 nchini Marekani kuliko sababu nyingine yoyote. Si homa, si gari. Mwezi Julai 2025 idara ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitangaza kasoro katika pisini za juu ya ardhi karibu milioni 5, za Bestway, Intex na Polygroup, zenye kimo cha inchi 48 na zaidi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2002. Kasoro yenyewe ni mkanda unaoizunguka pisini kwa nje ya miguu ya fremu. Mtoto mdogo anaukanyaga kama kidato cha ngazi, anajivuta, anaingia. Watoto 9, wa kati ya miezi 22 na miaka 3, wanaaminika kuzama kwa njia hiyo kati ya mwaka 2007 na 2022. Yarabi! Wenye pisini za namna hiyo waliambiwa waombe kwa kampuni kamba ya kuweka badala ya mkanda, na kabla ya hapo mtoto asifike hapo peke yake, au maji yamwagwe kabisa. Je, wewe uliyetutumia picha mwaka jana, umekagua yako? Nyingi zilinunuliwa mkono wa pili, boksi halipo, karatasi ya maelezo haipo. Nenda uani leo ukaangalie mkanda umepita wapi.

Jambo hili lina fundisho moja zito. Wazazi wa wale watoto 9 nao huenda waliuamini ule ukuta. Walisema, inchi 48, huyu wa miaka 2 atapandaje? Ndivyo na sisi tunavyosema. Ukuta wa pisini si uzio! Mtoto anapanda kwenye mkanda, kwenye pampu, kwenye kiti cha plastiki kilichosahauliwa, kwenye baiskeli ya kaka yake. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataka uzio wa pande zote nne, usiopungua futi 4, wenye mlango unaojifunga wenyewe. Ngazi iondolewe kila mnapotoka, ifungiwe stoo. Vitu vya kuchezea visiachwe vinaelea, kwa maana vinamwita mtoto. Na ile ndogo ya kupuliza ya watoto wachanga, mkimaliza imwagwe na kupinduliwa. Maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu yanatosha kumuua mtoto.

Halafu kuna suala la nani anaangalia. Watu wanadhani anayezama hupiga kelele na kurusha mikono kama kwenye filamu. Mara nyingi mtoto anazama KIMYA. Kinywa kiko majini, hana pumzi ya kuita, na mambo yanakwisha kabla chai haijamiminwa. Kwenye mikusanyiko yetu ndiyo hatari zaidi, Idd hasa: watu wazima kumi na wawili wamekaa kivulini, kila mmoja ana yakini kwamba mwenzake anaangalia. Kumi na wawili hao ni sawa na hakuna! Atajwe mtu mmoja kwa jina, akae majini au kwa umbali wa mkono, simu ameikabidhi, asichome nyama, asizungumze siasa za Kinshasa wala za Bujumbura. Baada ya dakika 20 ampokeze mwingine kwa maneno, si kwa kukonyeza. Na asiwe dada wa miaka kumi. Tunajua desturi yetu ya kumpa binti mkubwa wadogo zake awalee, lakini majini huyo naye ni mtoto. Maboya ya mikononi nayo ni ya kuchezea tu, yanachomoka.

Dawa ya maji tutaipitia upesi, maelezo yako kwenye chupa: klorini isipungue miligramu 1 kwa lita, pH iwe kati ya 7.0 na 7.8, mpime kwa vile vijikaratasi, msichanganye dawa mbili tofauti kamwe, na mwenye kuhara asiingie. Pisini iwekwe mahali tambarare. Lita 4,000 ni tani 4, na zikiporomoka mteremkoni hazichagui nani kasimama chini.

Tunajua kauli itakayokuja. Msiba ukitokea watu husema ni qadar, na kwamba aliyezama ana daraja ya shahidi. Ni kweli, na ni maneno ya kumliwaza mama aliyefiwa. Lakini maneno ya tanzia hayawezi kuwa mpango wa usalama! Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Uzio ndio kamba ya ngamia, na anayemuacha ngamia bila kamba hana haki ya kujiita mwenye tawakkul.

Tumalizie nyumbani, kwa sababu ni rahisi kuwanyooshea kidole walioko mbali. Sisi tunaowakemea kwa pisini ya inchi 48 tunaishi ukingoni mwa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, na wengi wetu hatujui kuogelea. Mafunzo tunayompa mtoto kuhusu ziwa ni fimbo: usiende, nitakuchapa. Anakwenda. Anakwenda kwa kificho, na wenzake wasiojua kama yeye, mahali ambapo hakuna mtu mzima, na viboko wako hapohapo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka 5. Tisa katika kila kumi wanaozama ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu hizi. Mtoto wa Ohio aliyefundishwa na baba yake kuelea kwenye turubai la plastiki, akija likizo hapa, atakuwa na nafasi ya kupona ziwani kuliko binamu zake waliozaliwa ukingoni.

Kwa hiyo kamati za madrasa tunawaomba hivi. Ile michango ya matembezi ya mwisho wa mwaka, sehemu yake ilipe mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa la kukodi, wavulana siku yao na wasichana siku yao na mwalimu wa kike, milango imefungwa. Waanze na kuelea chali na kushika ukingo, mengine yatafuata. Na ninyi mlioko nje ambao kila mwaka huuliza mtuletee nini, zawadi ya viatu vya taa tumeshiba. Mwenye dada au binti aliyesomea uokoaji majini huko, akija likizo atupe wiki mbili zake, nasi tutamtafutia bwawa na wanafunzi.

Wassalaam alaykum.