Salamabila: moto nao uwe ndani ya mzigo

Mapigano kuzunguka mgodi wa dhahabu wa Namoya yamewakimbiza wakaaji wa Salamabila mara kadhaa. Watu hubeba sufuria, bidoni na watoto. Moto huachwa kwa bahati. Kuni zikilowa, mama huwasha mfuko wa plastiki ili maji ya mtoto yachemke. Moshi ule ni sumu, na maji yasiyochemshwa yanaweza kuleta kipindupindu.

Kumbe seremala anatupa unga wa mbao kila siku. Ukichanganywa na nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, ukafungwa katika karatasi na kuachwa ugande, kipande kimoja huwaka dakika kadhaa, hata vijiti vyenye unyevu hushika. Nta iyeyushwe katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana hulipuka miali. Asiye na mshumaa atumie nyuzi kavu za mchikichi, azifunge vizuri pamoja na kiberiti.

Mashirika yanayogawa turubai na sufuria yaongeze mishumaa na viberiti. Sufuria bila moto itapika nini? Lakini familia zisiyangojee: unga wa mbao unakauka vizuri kiangazi, si siku ya risasi.