Mkulima Alipwe kwa Mti Ulio Hai

Kwa Wenyeviti wa Kamati ya Kilimo na Mifugo na Kamati ya Mazingira, Misitu na Madini,
Bunge la Taifa, Nairobi

Waheshimiwa,

Nawaandikia barua moja kwa sababu jambo lenyewe linawahusu nyote, na kila mmoja anaweza kudhani ni la mwenzake. Katiba, kifungu cha 62, inaihesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Hata hivyo, kila bei ya unga inapopanda, macho ya wanasiasa hugeukia msitu.

Mfumo wa shamba mnaujua. Palipovunwa misonobari, mkulima hupewa kipande, akalima viazi na mahindi huku akipalilia miche ya serikali. Baada ya miaka mitatu hivi kivuli cha miti hufunika kipande, naye huondoka. Siombi ufutwe, familia nyingi za Nakuru na Nyandarua zinautegemea. Kasoro yake iko hapa: mche ukistawi, mkulima anapoteza shamba, ukifa, anaendelea kulima. Ndiyo maana miche hukatwa mizizi, na mahindi huvuka mpaka hadi msitu wa asili.

Mfumo huu ulipigwa marufuku 1987, ukarudi, ukapigwa marufuku tena 2003, ukaruhusiwa na Sheria ya Misitu ya 2005. Naibu Rais wa wakati huo alipotangaza 2022 kuwa utarudishwa, nchi iligawanyika, ingawa sheria ilikuwa inauruhusu tayari! Sheria ya 2016 inautaja kwa maneno machache tu, katika orodha ya haki za vyama vya misitu vya jamii. Mengine yote yameachiwa kanuni na miongozo, na tangazo moja la jukwaani linatosha kuivuruga.

Yaandikeni masharti ya mfumo huu katika sheria yenyewe. Kilimo kiishie palipovunwa miti ya kupandwa, kisiguse msitu wa asili wala chemchemi. Orodha ya wanaopewa vipande ibandikwe hadharani, maana wengi wanajua vipande humwendea nani. Zaidi ya yote, mkulima anapoondoka alipwe kwa kila mche anaouacha hai. Hapo ndipo atakapoulinda kama mali yake.

Kifungu cha 34 cha sheria hiyo ya 2016, kinachohusu mipaka ya misitu, nacho kisiguswe. Mwaka 2021 ulitokea mswada wa kuiondolea Huduma ya Misitu kazi ya kuchuja maombi ya kubadili mipaka. Wananchi wakaupinga, haukupita. Walikumbuka 2001, zilipomegwa karibu hekta 67,000, nyingi zikiwa za Mau, kunakotoka maji ya Mara na Sondu. Wazo hilo lisirejeshwe kwa kufichwa ndani ya mswada wa chakula.

Kaeni kikao cha pamoja kabla ya mvua za Machi, na kiwe Molo au Londiani, wakulima wenyewe waje kusema.

Wenu,
Mkazi wa Molo