Ondoeni Chupa Hizo Kando ya Maziwa

Ndugu zangu wa Morogoro, mji kasoro bahari, nina neno nanyi. Siku hizi mama anaingia duka kubwa la vyakula kununua unga, sukari na maziwa ya mtoto, na kabla hajafika kwa keshia anakutana na chupa za mvinyo zilizobandikwa karatasi nyekundu: OFA. Chukua mbili, ya pili nusu bei. Kushoto mkate, kulia maziwa, katikati kileo. Juzi nilimwona mtoto mwenye sare ya shule ya msingi amekumbatia chupa ya namna hiyo, kama aliyetumwa mafuta ya kula. Keshia akapokea fedha, akarudisha chenji, akamwita mteja anayefuata. Hakuna aliyeshtuka. Kutoshtuka huko ndiko kulikonisukuma kuandika.

Ubaya wa kileo sina haja ya kuueleza. Muislamu anaijua Sura ya Al-Maida, aya ya 90, nayo haina mafumbo. Mkristo anajua sura ya 20 ya Mithali inaonya nini, na anayekimbilia shauri la Paulo kwa Timotheo akumbuke kwamba Timotheo aliruhusiwa mvinyo kidogo tu, kwa ajili ya tumbo, si boksi la lita 5.

Wala tusidanganyane kwamba pombe imeletwa jana. Wazee wetu wa Uluguru waliipika, na mji huu umecheza dansi la Cuban Marimba ya Salum Abdallah na la Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Lakini pombe ilikuwa na mlango wake. Aliyeitaka aliifuata kilabuni au baa, watu wakamwona akiingia na wakamwona akitoka. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaweka leseni na saa za kuuza, na haya ikafanya kazi iliyobaki. Sasa duka la vyakula linafunguliwa asubuhi, na mtu mzima anatoka na mvinyo chini ya fungu la mchicha, akiitikia salamu za majirani.

Serikali ilipopiga marufuku viroba, tarehe 1 Machi 2017, tulishangilia. Tulisema ni pombe ya bei ya kutupa, inafichika mfukoni, inaharibu wanafunzi. Sawa kabisa. Sasa niambieni, huu mvinyo wa ofa umetofautiana nini na kiroba? Kiroba alikunywa konda wa daladala tukamwita mlevi, mvinyo anakunywa mwenye sebule ya zulia tukamwita mstaarabu. Kilevi ni kilevi. Tena bia ya kawaida ina kilevi cha asilimia 5 hivi, mvinyo una 12 na zaidi, ila utamu wake unamfanya binti aunywe kwa bilauri aliyozoea kunywea soda. Na lile boksi lenye kibomba, linalokaa juu ya friji! Baba anafungulia kidogo, mama kidogo, kijana akirudi tuisheni naye anafungulia. Nani atajua kimenywewa kiasi gani? Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Wapo watakaoniambia mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Unataka moyo wenye nguvu? Panda mlima hadi Morningside, mlima tunao.

Tabia hii ya kupanga mvinyo kando ya vyakula tumeiiga kutoka Dar es Salaam. Shoprite iliuza maduka yake ya hapa nchini mwaka 2014, Nakumatt iliyoyanunua nayo ikaanguka, lakini mazoea ya kuchanganya kileo na kapu la nyumbani yakabaki. Wenye maduka wa kwetu wakaona huo ndio ukubwa wa duka. Wenye maduka, ninyi ni watu wa heshima, mmetuletea mchele mzuri kwa bei ya haki na mmewaajiri watoto wetu. Kwa nini mjivunjie heshima kwa faida ya chupa? Rahisi inavunja upishi. Mwenye kubisha ataniuliza habari za mkulima wa zabibu wa Dodoma. Namheshimu, anavuna mara mbili kwa mwaka kwa jasho. Ila zabibu huliwa, hukaushwa, hukamuliwa juisi. Na kama huruma ni kwa wakulima, mbona rafu hizo hizo hazina plamu wala stroberi za Mgeta, wala mananasi ya Kinole? Akina mama wanashusha matenga Soko Kuu la Chifu Kingalu, matunda yanaoza, nasi tunanunua chupa iliyovuka bahari kutoka Afrika Kusini.

Na hapa siwezi kuzinyamazia sendofu zetu. Kadi ya mchango inakuja na kiwango kimeandikwa, na kamati inakaa saa tatu kubishania idadi ya chupa za kila meza. Jirani huyo huyo akiwa na mgonjwa, mchango hauonekani. Bibi harusi anaagwa kwa mlio wa vizibo, wazazi wanabaki na madeni, na watoto walioletwa ukumbini wanamalizia mabaki ya bilauri meza zikishaachwa. Nimeyaona. Samaki mkunje angali mbichi, jamani, sisi tunamkunja vipi naye tumeshamlewesha?

Wenye maduka, tengeni chumba chenye mlango wake, au acheni kabisa kuuza. Msimpe chupa mtoto, hata akisema ametumwa na baba. Madiwani, ombeni orodha ya leseni za vileo na mkague duka kwa duka. Wazazi, chupa yenu nendeni mkainunue wenyewe. Masheikh na mapadri, lisemeni Ijumaa hii na Jumapili hii, kwa kuwataja wauzaji na wanywaji pamoja. Duka la kwanza kuondoa rafu hiyo nitalitangaza bure msikitini, sokoni na kwenye kila kamati ya sendofu nitakayoitwa.