Alizeti Zisizo na Wazimu
Wanaozitazama alizeti za Vincent van Gogh husema upesi kwamba rangi ile nene, iliyopakwa kama siagi, ni kilio cha mgonjwa wa akili. Tarehe zinawakatalia. Zile mashuhuri alianza kuzichora Arles, kusini mwa Ufaransa, Agosti 1888, miezi minne kabla ya kujikata sikio, na nia yake ilikuwa ya mwenyeji tu: kupamba chumba cha mgeni wake, Paul Gauguin. Haraka inayoonekana ni ya maua yenyewe, maana alizeti iliyokatwa hunyauka bila kumsubiri mchoraji. Tena itazame ile iliyoko London: maua ya njano, chombo cha njano, ukuta wa njano, na bado hakuna kinachomezwa na kingine. Njano juu ya njano (jaribu uone!) haikubali mkono usiopima. Atatokea wa kusema kwamba Januari 1889, akiwa ametoka hospitali, alizichora tena. Ni kweli, lakini hapo alikuwa akinakili kazi yake mwenyewe, na hata vichwa vya mbegu vilivyokwisha kupukutika petali alivirudisha palepale vilipokuwa.