Nilimcheka mtabiri, mabalo yakalowa

Wiki hii nina jambo la kuungama. Kuna jamaa yangu mmoja, kila nikikutana naye macho yangu yanatafuta pa kujificha.

Ilikuwa Agosti 2023. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza kwamba vuli ya mwaka ule itakuwa nzito, El Nino hiyo inakuja. Jamaa anauza mitumba. Chumba chake kipo kule bonde la Msimbazi, na ndani kalaza mabalo mawili ya jinzi, yote ya mkopo. Akaniuliza, "Mwana, nihamishe mzigo?"

Mimi, kwa vile pale kijiweni ndiye niliyemaliza fomu foo, nikajifanya profesa. Nikamwambia hao watabiri wazushi tu, juzi wamesema mvua, nikaanua nguo, jua likawaka mpaka magharibi. Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

Vuli ikaja. Maji yakamwingilia usiku. Jinzi zikanuka tope, mkopo ukabaki pale pale.

Ndipo nikaanza kudadisi, kumbe nilichanganya madesa! Mvua ya kesho na mvua ya msimu ni vitu viwili. Ni kama daladala: siwezi kukwambia litapita saa ngapi, ila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni, najua litajaa mpaka mlangoni. Mtu wa msimu hashughuliki na wingu lililo juu ya Kariakoo. Anaangalia bahari, kwa sababu maji yakishapata joto hayapoi upesi, yanakaa nalo miezi.

Kazi hii ni ya zamani. Mwingereza Gilbert Walker alikwenda India, akawa anatafuta kwa nini mvua za kule zinakosekana na kuleta njaa. Akagundua kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Pasifiki, unashuka upande wa Bahari ya Hindi, kama mizani. Lakini El Nino ya 1982 iliwakuta wataalamu wamelala. Wakashtuka, wakatega maboya kama 70 kukatisha Pasifiki kwenye Ikweta, kazi ikaisha 1994. Siku hizi kuna na mitungi karibu 4,000 kwenye bahari za dunia. Inazama mita 2,000, na kila baada ya siku kumi inaibuka na kurusha habari kwa setilaiti. Haina nahodha wala posho!

Mwaka 1999 wataalamu waliokuwa Japani wakaeleza kwamba hata Bahari ya Hindi ina mchezo wake: upande wetu ukipata joto na upande wa Sumatra ukapoa, mvua inatuangukia sisi. 1997 mchezo huo na El Nino vilikuja pamoja, waulizeni mama zenu. 2023 vikaja pamoja tena.

Na hawa jamaa hawaapi. Wanasema uwezekano ni mkubwa. Sisi kijiweni tukasikia "huenda isinyeshe".

Juzi mshikaji kaniuliza tena kuhusu mvua. Nikamwambia ngoja kwanza nisikilize tangazo. Kacheka sana, lakini mzigo wa safari hii keshaupeleka kwa dada yake, Kimara, kule juu.