Sataranji ni somo, wala si upuuzi

Wapo walimu ambao wakiwaona wanafunzi wameinamia ubao wa sataranji huwafukuza warudi vitabuni. Yamkini wanadhani mchezo huo hauna faida katika mtihani. Kwa maoni yangu wanakosea, na mchezo mmoja tu watosha kuonyesha hivyo.

Mnamo Novemba 1938, wachezaji wanane mashuhuri walikutana Uholanzi katika mashindano ya AVRO. Humo Mikhail Botvinnik, mhandisi wa umeme kutoka Muungano wa Kisovieti, alipambana na José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Botvinnik, mwenye kete nyeupe, alianza kwa kumsogeza askari wa malkia miraba miwili.

Baadaye Capablanca alimpeleka farasi wake kando, akakata ulinzi wa askari mmoja wa pembeni, na katika hatua ya 19 malkia wake akamla. Kwa kuhesabu kete, alikuwa mbele. Lakini Botvinnik alikuwa akijenga. Katika hatua ya 18 alikuwa amemsogeza askari mwingine mraba mmoja tu, kisha akazidi kumpandisha pole pole. Hatua ya 30 alimtoa mhanga askofu ili malkia mweusi aondoke njiani. Ya 31 akamtoa farasi. Askari yule akafika mraba mmoja tu kabla ya kugeuka malkia. Hatua ya 41 Capablanca alisalimu amri, farasi wake angali kule kando, mbali na vita. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Je, si hayo yatokeayo darasani? Mwanafunzi anayekariri majibu ya mitihani iliyopita hupata alama za leo. Anayetafuta kiini cha jambo huonekana kachelewa, hadi swali gumu litokeapo.

Watauliza wengine: je, wakizama mchezoni na kusahau masomo? Botvinnik alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1948 bila kuuacha uhandisi. Kinachotakiwa ni kiasi na uongozi. Saa moja kwa juma baada ya masomo yatosha. Ubao waweza kuchorwa kwenye katoni, na vifuniko vya chupa vikawa kete. Muhimu ni mwalimu awepo, na kila baada ya mchezo amwulize mwanafunzi: kwa nini ulisogeza kete hii, wala si ile? Atakayezoea kulijibu swali hilo hatababaishwa na mtihani.